Ardhi ya Fairfax Ina Kovu

Waliokuwepo hapa tarehe 23 Agosti 2011 hawajasahau. Ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.8, kitovu kikiwa Mineral, Virginia, na mnara wa Washington ukapata nyufa. Watu wakaulizana: kwani Virginia nayo ina Bonde la Ufa?

Jibu liko kwenye mawe, wenzangu. Miaka kama milioni 470 iliyopita hapa palikuwa ukingoni mwa bara. Visiwa vya volkano vilikuja kuugonga ukingo huo, magma ikapanda, ikapoa taratibu chini kwa chini, ikawa itale. Nenda Occoquan ujionee: chembe za jiwe zimelala upande mmoja kama zimepigwa pasi, kwa jinsi miamba ilivyobanwa.

Nyumbani je? Mto Aswa, kaskazini mwa Uganda, unafuata mshono wa kale ambako miamba iliteleza ubavu kwa ubavu. Na Bonde la Ufa lenyewe limeuzunguka mwamba mkongwe wa Tanzania ya kati, likapasua palipokwisha kulegea zamani.

Basi kovu la zamani halifi, linalala tu. Ardhi ikitikisika usikimbilie ngazi: ingia chini ya meza, shika mguu wake, subiri itulie.