Mtoto Asipewe Gobore

Ndugu mkulima, mahindi yako yanakomaa. Ngedere huja mchana. Nguruwe na pongo huja usiku. Kijana wako anataka kuwinda, nawe unafikiri kumpa gobore la babu. Usimpe.

Gobore la kienyeji ni bomba la chuma tu. Baruti hushindiliwa kupitia mdomo wake. Baruti ikizidi, bomba hupasuka karibu na jicho la mpigaji. Mtu mzima huumia, sembuse mtoto! Tena usiku mahindi yakitikisika, huenda ni jirani anapita.

Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kila bunduki iwe na leseni. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda. Bila kibali, ukikutwa na nyama ya pongo chunguni, umekutwa na nyara ya Serikali.

Mpe kijana debe, filimbi na mbwa mkali. Alinde mchana, akitoka shule. Ngedere anajua saa ya chakula chenu kuliko ninyi wenyewe. Basi pokezaneni kula. Usiku ni zamu ya watu wazima, wawili wawili, wenye moto na tochi. Nguruwe wakizidi, mwambie Mtendaji wa Kijiji amwite Ofisa Wanyamapori wa Wilaya. Gobore lililoko darini lipelekwe polisi.