Jezi yangu ya Shabana haijaipa Shabana hata shilingi

Nina jezi ya Shabana. Niliinunua kwa mchuuzi kando ya barabara pale Kisii mjini, shilingi 500 baada ya kubishania bei. Nikaivaa papo hapo, nikaelekea Gusii Stadium na kuimba "Tore Bobe" hadi sauti ikakauka. Jioni kwenye matatu ya kurudi Ogembo, jamaa tuliyeketi naye akaishika kola, akacheka.

"Buda, hii ni feki. Hata beji imeshonwa upande."

Nikaangalia. Kweli ilikuwa upande. Ila kilichonisumbua usiku ule haikuwa aibu, ilikuwa hesabu. Mimi hujiita shabiki sugu. Siku hiyo nililipa nauli, nikala, nikanywa soda, nikanunua jezi. Ukiondoa pesa ya tiketi, klabu yenyewe haikuona hata ndururu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja: timu ya kandanda huwa na thamani kwa sababu gani? Hapa steji ya boda boda Ogembo, jibu liko tayari kila asubuhi. "Shabana ibebe kombe tu, doo itakuja yenyewe." Nami niliamini hivyo. Nikianza kufuatilia, nikaona mambo si rahisi hivyo.

Kombe si pesa

Angalia Leicester City. Mwaka 2016 walishangaza dunia wakabeba ligi ya Uingereza. Mwaka 2023 walishushwa daraja. Sasa angalia Manchester United, ambao ubingwa wao wa mwisho wa ligi ni wa 2013. Tumewacheka miaka yote hiyo, sivyo? Lakini mwaka 2024 bilionea Jim Ratcliffe alilipa zaidi ya pauni bilioni 1 kupata takriban robo tu ya klabu hiyo. Robo!

Ukivuka hadi Marekani, kwenye ule mpira wao wa kushika mkononi, kuna Dallas Cowboys. Jerry Jones aliinunua mwaka 1989 kwa dola milioni 140. Mwaka 2024 jarida la Forbes liliipa thamani ya dola bilioni 10.1. Na hawajachukua ubingwa tangu msimu wa 1995.

Wanunuzi hawa si wajinga. Mtu anayenunua timu huuliza maswali mawili: mwaka huu imeingiza ngapi, na nina hakika gani kwamba mwaka ujao zitaingia tena? Cowboys wana jibu. Kule hakuna kushushwa daraja, na pesa za televisheni ya kitaifa hugawiwa timu zote sawasawa. Hata ukiwa mkia, cheki inakuja. United nao wana mashabiki duniani kote, wanaonunua jezi ya klabu iwe imeshinda au imetandikwa.

Kombe husaidia, sikatai. Lakini kombe ni la msimu mmoja. Anayenunua timu ananunua miaka 20 ijayo.

Sisi tuna kitu, lakini kinavuja

Sasa rudi nyumbani. Shabana ilianza mwaka 1980, na jina lake lilitoka kwenye biashara ya vifaa vya ujenzi hapa Kisii. Ikapanda, ikatamba, halafu ikashuka. Iliporejea Ligi Kuu mwaka 2023, ilikuwa imekaa nje miaka 17. Kuna vijana waliozaliwa na kumaliza shule ya upili bila kuiona kwenye ligi kubwa hata siku moja.

Na bado waliporudi, uwanja ulijaa. Watu walitoka Ogembo, Keroka, Nyamira, Tabaka. Wengine walitoka Nairobi.

Hapo ndipo penye mali, abanto baito. Ukifungua duka leo, ulifunge miaka 17, siku ya kulifungua tena utapata wateja wangapi wakikungoja mlangoni? Shabana ilipata maelfu. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliwi, na klabu nyingi zinazomilikiwa na kampuni au idara za serikali zingeyatamani sana.

Shida ni kwamba mapenzi hayo hayapiti kwenye akaunti ya klabu. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tuseme mashabiki 5,000 wanaingia kila mechi ya nyumbani kwa shilingi 200. Hiyo ni milioni 1. Ligi ina timu 18, kwa hivyo mechi za nyumbani ni 17: milioni 17 kwa msimu. Mmoja kati ya kila watano akiruka ukuta, au akimpa mlangoni mtu "ya chai" aingie, milioni 3.4 zimeyeyuka. Hapo hatujagusa jezi. Jezi halisi 10,000, kila moja ikiachia klabu faida ya shilingi 300, ni milioni 3 nyingine. Yangu haimo.

Halafu kuna lile la kuchekesha. Hapa Ogembo, Arsenal wakicheza tunalipa kuingia kwenye kibanda cha kutazamia mpira, tunajibana kwenye benchi, na hakuna anayelalamika. Mechi ya Shabana ikija, mtu yuleyule anapiga simu kutafuta nani atamwingiza bure.

Mdhamini akiamka vibaya

"Basi tutafute mdhamini," msee mmoja aliniambia. Sawa, lakini tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2019 SportPesa waliposimamisha biashara Kenya kwa sababu ya mvutano wa leseni na ushuru, Gor Mahia na AFC Leopards, vigogo wenyewe, walibaki bila mdhamini. Mwaka 2020 BetKing wakaja na mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 1.2 kwa ligi nzima. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wameondoka.

Timu ambayo mshahara wake wote unatoka mfuko mmoja wa kampuni ya kamari ni kama nyumba ya nguzo moja. Mnunuzi akiiona, anashusha bei.

Majirani zetu Tanzania nao wana udhamini wa kamari, lakini wamejenga nguzo nyingine. Mwaka 2021 Azam Media walitia sahihi mkataba wa miaka 10 kuonyesha Ligi Kuu yao, wa shilingi za kwao bilioni 225.6. Klabu inajua msimu ujao kuna kitu kitaingia. Simba nao walipoamua kubadilisha mfumo wa umiliki mwaka 2017, Mohammed Dewji alikubaliwa kupata asilimia 49 kwa bilioni 20 za kwao, na asilimia 51 zikabaki upande wa wanachama. Mabishano kuhusu mpango huo yamekuwa mengi, lakini angalau kuna namba mezani. Kenya pia ligi ilipata mkataba wa miaka 7 na Azam mwaka 2023, kwa hivyo si kwamba hatuna pa kuanzia.

Vijana wetu ni mali pia

Kuna mlango mwingine ambao hapa kijijini hatuuongelei. Mike Okoth, baba yake Divock Origi, alipitia Shabana kabla ya kwenda kucheza Ubelgiji. Enzi hizo mchezaji akiondoka, stori iliisha hapo. Siku hizi kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Victor Wanyama aliuzwa na Celtic kwa Southampton mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5. Asilimia 5 ya hiyo ni pauni 625,000.

Lakini ili klabu ipate haki yake, lazima yule kijana awe amesajiliwa, na karatasi zionyeshe alicheza wapi na mwaka gani. Huku kwetu kuna watoto wa miaka 13 wanaopiga mpira wa ajabu kila jioni, na jina lao haliko kwenye daftari lolote. Mmoja wao akifika mbali, Ogembo itabaki na hadithi tu.

Kwa hivyo nikiulizwa leo Shabana ina thamani gani, nitasema hivi: ina ile sehemu ngumu zaidi kupata, yaani watu wasiochoka. Inayokosekana ni ile ambayo ingetakiwa kuwa rahisi. Tiketi zinazolipwa kwa simu na kuhesabiwa. Duka la jezi lenye tawi hadi huku mashinani. Hesabu za klabu zinazosomwa hadharani kila mwaka ili shabiki ajue 200 yake ilienda wapi. Usajili wa watoto.

Viongozi wana kazi yao, na tuwaulize bila woga. Lakini nasi tuna yetu. Ile feki nimeigeuza ya kulalia. Nimeanza kuweka pesa kidogo kidogo ninunue jezi halisi, na mechi ijayo ya nyumbani nitapitia langoni na tiketi mkononi. Wewe unayetafuta wa kukuingiza bure, usinipigie.