Wimbo wa mjasiriamali wakabidhiwa wanafunzi

Mfanyabiashara anayevuka Busia na mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anajua uzito wa karatasi moja ndogo: cheti cha uasili kilichorahisishwa. Akiwa nacho, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, halipi ushuru wa forodha. Katika muziki, karatasi ya namna hiyo ni ruhusa ya mwenye wimbo. Mashindano ya wanafunzi huko Marekani yameonyesha yanayowezekana ruhusa hiyo inapotolewa mapema.

Mashindano hayo, Your Voice Is Power, yaani "sauti yako ni nguvu", yalianza 2021. Wimbo wa kuchezewa ulikuwa Entrepreneur, maana yake mjasiriamali, wa Pharrell Williams akimshirikisha Jay-Z, uliotoka 2020. Unahusu Wamarekani weusi wanaohangaika kumiliki biashara zao katika nchi ambayo mlango huo kwao haukuwahi kuwa mwepesi. Waandaaji walikuwa kampuni ya Amazon, shirika la Pharrell liitwalo YELLOW, na chuo kikuu cha Georgia Tech cha Atlanta. Baadaye ziliongezwa nyimbo za Alicia Keys na Khalid.

Mwanafunzi hakutakiwa kujua kinanda. Alipewa vipande vya wimbo na kuvipanga upya katika EarSketch, programu iliyobuniwa Georgia Tech, isiyolipiwa, inayofunguka ndani ya kivinjari cha kompyuta. Kupanga kwenyewe ni kuandika amri kwa lugha ya Python au JavaScript, na amri moja inafanana na hati ya mzigo: sauti gani, iwekwe safu ya ngapi, ianzie kipimo kipi, iishie kipi. Hapo wengi hukosea mara ya kwanza. Anayetaka vipimo 8 vya ngoma huandika 1 na 9, kwa sababu namba ya pili ni pale sauti inapokoma, si kipimo cha mwisho kinachosikika. Mdundo nao huandikwa kwa alama: sifuri ni pigo, kistari ni kimya, alama ya kujumlisha ni kuendeleza sauti. Alama 16 hujaza kipimo kimoja.

Rimiksi ilipaswa pia kubeba ujumbe kuhusu usawa wa rangi, na masomo yaliyotangulia yalizungumzia hilo waziwazi.

Amazon haikuwa ikitoa sadaka tupu. Kampuni kama hiyo inahitaji waandishi wa programu wa kesho, na jina zuri shuleni halimchukizi mfanyabiashara yeyote. Hata hivyo, mtoto aliondoka na ujuzi, tena alijifunzia kwenye mali iliyoletwa kwa hiari ya wenyewe.

Huku kwetu hali ni nyingine. Mdundo wa Mwanza husikika Kampala siku hiyohiyo bila kusimama mpakani. Kijana mwenye kompyuta huunyofoa, huongeza ngoma yake, kisha mwenye duka humlipa aweke maneno ya tangazo juu yake. Spika inalia sokoni, wateja wanageuka, na hakuna aliyemuuliza mtunzi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zote zinampa mtunzi haki ya kukubali au kukataa kazi yake igeuzwe. Anayeagiza tangazo naye hawezi kujificha nyuma ya fundi wake.

Zaidi ya hapo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina forodha ya pamoja, lakini haki za wimbo hufuata sheria ya kila nchi. Ruhusa iliyoandikwa kwa Kenya peke yake haimlindi mwenye duka Namanga upande wa Tanzania. Anayelipia wimbo aombe maandishi yanayotaja nchi, muda na matumizi. COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya ndizo ofisi za kuulizia.

Mashindano yenyewe yaliwalenga wanafunzi wa Marekani. EarSketch haina mpaka huo: mwanafunzi wa Bukoba au Kisumu mwenye intaneti anaweza kuifungua leo, akaanza na sauti zilizomo, ambazo baadhi zilitengenezwa na Young Guru, fundi wa sauti wa Jay-Z.