Mtoto Mwenye Usonji na Mwenzake: Nani Bora?

(Muziki wa kipindi, kisha upunguzwe. Sauti ya mtangazaji.)

Leo tunaongea juu ya jambo linalosemwa sana uani hapa Majengo, Nyeri, na likisemwa, kuna mama mmoja huwa amenyamaza akitazama chini.

Tuchukue mfano. Nyanya ana wajukuu wawili waliozaliwa mwezi mmoja. Sasa wana miaka minne. Wa kwanza anaimba, anaamkia watu, anajua majina ya majirani wote. Wa pili haitiki akiitwa. Anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari kutoka mlangoni hadi kitandani, na ukiuvuruga mstari huo atalia mpaka jioni. Wageni wakija, wa kwanza anaitwa awasalimie. Wa pili anapelekwa chumba cha nyuma na mlango unafungwa. Hakuna aliyetamka kwamba mmoja ni bora kuliko mwingine. Lakini watoto wote wawili wamekwisha kuelewa.

Huyu wa pili huenda ana usonji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mtoto akiwa bado mdogo sana, hata kabla hajazaliwa. Hugusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, namna anavyosikia sauti, mwanga na mguso, na humfanya apende mambo yarudiwe vilevile. Si ugonjwa wa kuambukiza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Shule yenye wanafunzi 500 ingekuwa na watoto wanne hivi wa namna hiyo, kama wote wangepelekwa shule.

Mama, kabla hatujaendelea, hukusababisha. Lawama hii ni ya zamani, tena si ya Kenya peke yake. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa huko walisema kwamba usonji unaletwa na kina mama wasio na upendo, baridi kama friji. Fikiria mama amekesha na mtoto, halafu anaambiwa hivyo na daktari! Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, aliandika kitabu cha kuonyesha kuwa jambo hili ni la mwili na ubongo. Hapa kwetu maneno ni mengine: amerogwa, ni laana ya ukoo wa mama. Wengine wanalaumu chanjo. Makala ya mwaka 1998 yaliyoanzisha hofu hiyo ya chanjo ya surua yalifutwa na jarida lililoyachapisha mwaka 2010. Mpeleke mtoto chanjo.

Sasa, je, ni makosa kulinganisha watoto? Kuna kulinganisha kunakosaidia. Muuguzi wa kliniki anapotazama kile kijitabu cha mtoto, analinganisha. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kupunga mkono, mtoto wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au mtoto wa umri wowote aliyekuwa akiongea kisha akaacha: huyo apelekwe hospitali mapema. Omba masikio yapimwe kwanza, kwa maana mtoto asiyesikia pia haitiki. Usiambiwe kwamba wavulana huchelewa, ngoja tu. Hapo tunalinganisha ili tujue msaada gani unahitajika. Mama wa jirani anapolinganisha ili ajue nani wa kujivunia, hiyo ni biashara nyingine kabisa.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Mtu amesikia kwamba wenye usonji ni mabingwa wa hesabu, basi anamwambia mama, "Usijali, huyo ni kipaji, siku moja atakushangaza." Wanaosema hivyo wana nia njema. Wako wenye vipawa vya ajabu, ndiyo, lakini wengi hawana, kama vile wengi wetu tusio na usonji hatuna. Mtoto akingojewa awe bingwa ndipo aheshimiwe, bado tumemweka kwenye mizani ileile.

Watafiti wa Uingereza walifanya jaribio zuri, matokeo yakatoka mwaka 2020. Ulikuwa mchezo wa kupokezana hadithi: mtu anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu, mpaka wa nane. Kundi moja lote lilikuwa la watu wenye usonji, jingine lote lisilo na usonji, na jingine limechanganywa. Wenye usonji walipoongea wao kwa wao, hadithi ilifika vizuri sawasawa na lile kundi la wasio na usonji. Ilipotea zaidi kwenye mchanganyiko. Utafiti mkubwa zaidi uliotoka mwaka 2025 haukuona tofauti hata kwenye mchanganyiko. Waliojaribiwa walikuwa watu wazima wanaoweza kuongea, kwa hiyo tusiyapeleke matokeo hayo kwa kila mtoto. Hata hivyo yanatufanya tuulize: anaposhindwa kutuelewa tunasema ana kasoro, je, sisi tunaposhindwa kumwelewa?

Lakini sitaki kukudanganya, mama. Wako watoto ambao hawatasema neno maishani. Wako wanaojiuma mikono, wanaokimbilia barabarani mbele ya matatu, wasiolala usiku. Kifafa pia huwapata zaidi kuliko watoto wengine, na mwenye dawa za kifafa asikatishwe. Ukimwambia mama wa mtoto kama huyo kwamba "ni tofauti tu" halafu ukaenda zako nyumbani kulala, hujamsaidia. Mlinde mtoto huyo saa mbili, naye mama aoge na apumzike. Uzito wa kumlea ni jambo la kweli, na unaweza kuutaja bila kusema kwamba mtoto mwenyewe hana thamani.

Jambo jingine ni la hapa kwetu hasa. Nyumba nyingi za Majengo zinaongea Kiswahili, majirani wanaongea Kikuyu, na shuleni ni Kiingereza. Wazazi huambiwa waache lugha moja ili mtoto mwenye usonji asichanganyikiwe. Utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru. Nyanya aongee lugha yake. Mtoto akinyimwa lugha ya nyanya, amenyimwa nyanya.

Nyumbani, sema maneno machache na polepole. Mwonyeshe kitu unachokitaja. Mwambie mapema kinachofuata: tukimaliza chai, tunaenda sokoni. Kelele za soko zikimzidi, atoke kidogo, asichapwe. Na vile vifuniko vya chupa, kaa chini upange naye. Mazungumzo huanza hapo.

Kwa upande wa shule, ofisi ya elimu itakuelekeza kituo cha EARC, ambako watoto hupimwa kabla ya kupangiwa shule. Vituo hivyo vilianzishwa Kenya mwaka 1984. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa jina la kumdhalilisha. Basi zezeta na punguani si majina ya mtoto wa mtu, hata kwa utani.

Tumalizie na swali ambalo kina mama huuliza: "Nimwambie nini mkubwa wake, anayeona aibu kutembea naye?" Mwambie ukweli kwa maneno mafupi, kwamba ndugu yake anazisikia sauti kwa nguvu zaidi na maneno humchelewea. Usimfanye mlezi wa kila siku, naye ni mtoto. Na siku moja moja mtoke naye peke yenu, hata kama ni kununua mandazi tu.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutaongea juu ya mtoto anayekataa chakula. Kaa salama.

(Muziki.)