Jino la chonge likikwama: Mwandae mtoto kabla ya upasuaji na nyaya

Ikiwa una mtoto aliyetimiza miaka 10, mwambie leo jioni aketi karibu na taa na afungue kinywa. Nawa mikono, kisha pitisha kidole polepole juu ya ufizi wa juu, upande wa nje, pale yalipo meno ya chonge ya utotoni. Mambo yakiwa sawa utahisi kivimbe kigumu kila upande. Hayo ni meno ya chonge ya ukubwani yanayoteremka, na kwa watoto wengi hutokeza kati ya miaka 11 na 12. Ukihisi kivimbe upande mmoja na mwingine ukawa bapa, au ikiwa mtoto amefika miaka 13 na jino la utotoni bado limekaa imara kama msumari, usingoje.

Jino hili hupotea njia kwa takriban watu 2 katika kila 100, na wasichana hupatwa zaidi ya wavulana. Badala ya kuteremka, hulala kimshazari ndani ya mfupa, mara nyingi upande wa kaakaa. Halimuumi mtoto, na ndiyo maana wazazi wengi hulipuuza. Kumbe huko ndani laweza kula mizizi ya meno ya mbele bila yeyote kujua, hadi siku jino zuri lisilo na tundu lianze kulegea. Likigunduliwa mapema, pengine kung'oa lile la utotoni tu kwatosha kulifungulia njia. Likichelewa, ni lazima kisu kitangulie kabla ya nyaya kufanya kazi.

Upasuaji wenyewe si mkubwa kama jina lake. Daktari hupiga picha ya eksirei kujua jino limelala wapi. Hupasua ufizi, huondoa mfupa kidogo unaolifunika, kisha hugandisha juu ya jino kidude kidogo chenye mnyororo mwembamba. Baadaye mtaalamu wa kunyoosha meno huuvuta mnyororo huo kidogo kidogo akitumia nyaya. Kuliteremsha jino hadi mahali pake huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka na zaidi.

Si chonge pekee linaloleta kisu. Kuna watoto wenye jino la ziada katikati ya meno ya mbele, na wengine ambao taya zao ni ndogo hata daktari akaamua kung'oa meno mazima 2 au 4 ili mengine yapate nafasi. Uamuzi huu wa mwisho huwachoma wazazi moyo, na mimi siwalaumu. Una haki ya kuuliza: kuna njia nyingine? Nini kitatokea tusipong'oa? Daktari anayekerwa na maswali hayo si wa kukabidhiwa taya ya mwanao.

Mtafute anayestahili

Mkazi wa Thika aweza kuanzia idara ya meno ya Hospitali ya Thika Level 5, na wa Ruiru katika hospitali ya umma iliyo karibu naye au kliniki ya kibinafsi. Lakini kunyoosha meno ni kazi ya mtaalamu, na wengi huishia kuelekezwa Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimefunza madaktari wa meno tangu 1974, kina hospitali ya meno inayopokea wagonjwa. Popote uendapo, thibitisha kwamba daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Siku hizi kuna watu wanaouza nyaya za mapambo na kuzibandika katika vyumba vya urembo. Hao wakimbie.

Kuhusu fedha, omba hesabu mbili zilizoandikwa, ya upasuaji na ya nyaya. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na wengine wana bima ya kazini. Uliza mapema ni kipi kitalipwa, kwani bima nyingi huona nyaya kuwa urembo lakini huenda zikakubali upasuaji.

Mweleze daktari kila kitu: pumu, selimundu, dawa zinazomdhuru mtoto, au kama alipokatwa zamani damu ilikawia kukoma. Kuna jambo jingine ambalo familia huona haya kulisema. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akipata homa au kuhara, ufizi wake huchokorwa ili kutoa kile ambacho Tanzania huitwa meno ya plastiki na Uganda ebiino. Kinachotolewa ni jino la chonge ambalo halijakomaa, na lile la ukubwani lililo chini yake laweza kuharibika. Kama mwanao alifanyiwa hivyo, sema. Daktari anahitaji kujua asije akatafuta jino lisilokuwepo.

Wa Kiambu wana suala lao pia. Baadhi ya visima vya mashine katika kaunti hii na Nairobi hutoa maji yenye floridi inayopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika, hutokea na madoa ya kahawia. Madoa hayo hayazuii upasuaji, lakini nyaya hushika kwa shida juu ya jino la namna hiyo. Mkumbushe mtaalamu mtoto alikulia wapi na alikunywa maji gani.

Maneno ya kumwambia

Kosa la kwanza hufanyika miaka mingi kabla ya upasuaji. "Usiponyamaza nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano!" Mtoto aliyelelewa kwa kitisho hicho hufika kwenye kiti cha daktari akitetemeka. Kosa la pili ni kumdanganya: "Hutahisi chochote." Akihisi, hatakuamini tena, wala hatamwamini daktari.

Mwambie ukweli kwa maneno mafupi. "Utadungwa sindano kwenye ufizi. Itauma kidogo, kama kuumwa na siafu, halafu mdomo utakufa ganzi. Utahisi kusukumwa, lakini si maumivu makali. Ukitaka daktari asimame, inua mkono." Mwombe daktari aikubali ishara hiyo mbele ya mtoto. Kwa mtoto wa miaka 12 au 13, muulize pia yeye anataka nini. Nyaya atazivaa yeye, pengine miaka 2, na asiyezitaka hatazipigia mswaki.

Panga upasuaji mwanzoni mwa likizo. Kama atapewa nusukaputi, kwa kawaida hatakula chochote kwa muda wa saa 6 kabla, na maji matupu husimamishwa saa 2 kabla. Fuata maelezo ya hospitali yako. Chai ya maziwa ni chakula, si maji. Waonye wote nyumbani, hasa nyanya mwenye huruma, kwani andazi moja la siri laweza kumpalia mtoto akiwa usingizini. Mweleze daktari kuhusu jino lolote linalolegea. Na ikiwa mtatoka Nairobi, tafuta gari la jamaa au teksi. Mtoto anayeyumba na kutapika si wa kusukumwa ndani ya matatu saa za msongamano.

Baada ya kisu

Nyumbani, jambo la kwanza ni ganzi. Mtoto asiyehisi mdomo wake hutafuna shavu hadi litoke damu, akidhani ni mchezo. Mchunge mpaka ganzi iishe. Mate yenye rangi ya damu siku hiyo si ajabu. Damu ikichuruzika, mwambie aume kitambaa safi kilichokunjwa kwa dakika 20 bila kuchungulia. Asisukutue siku ya kwanza, asitumie mrija. Kuanzia kesho yake, maji ya uvuguvugu yenye chumvi baada ya kila mlo.

Uvimbe huzidi siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua. Mpe dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoelekezwa, lakini usimpe aspirini. Uji uliopoa, maziwa lala, viazi vilivyopondwa na ndizi vyatosha. Rudi hospitalini upesi ikiwa damu haikomi, homa imepanda, uvimbe unazidi baada ya siku ya 3, au hawezi kumeza au kufungua kinywa.

Zikija nyaya, mahindi choma, miwa na njugu vyaweza kuvitoa vidude vyake. Githeri ya shule ya bweni nayo ni mtihani, kwa hiyo mwandikie mwalimu barua na umwombe mtoto apewe chakula laini siku chache baada ya kila marekebisho.

Kila jioni angalia kama mnyororo upo. Ukikatika au kung'oka, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Piga simu kliniki kesho yake asubuhi, kwani ufizi waweza kulifunika jino tena, na hapo mtoto atarudi kwenye kisu mara ya pili.