MLIMA SI MASHINE: Kapita, fikiri kesho tatu kabla ya kuingiza watu shimoni

Ndugu mfanyakazi, ajali ikitokea kazini, swali la kwanza watu wanalouliza ni hili: «Ni kosa la nani?» Anatafutwa mtu mmoja, anaadhibiwa, na kazi inaendelea. Baada ya miezi michache ajali ile ile inarudi mahali pengine. Kwa nini? Kwa sababu tulitengeneza mtu, hatukutengeneza mambo yaliyomzunguka.

Angalia pampu ya maji. Ikiharibika, fundi huifungua, huona kipande kilichovunjika, hukibadilisha, nayo inazunguka tena. Pampu ni mashine. Lakini mlima wenye mashimo mia, wachimbaji maelfu, mvua, bei ya madini, njaa ya nyumbani na bunduki barabarani si mashine. Hapo kila jambo linavuta jambo jingine. Bei ikipanda, watu wanaongezeka. Watu wakiongezeka, mashimo yanakaribiana. Mashimo yakikaribiana, kuta zinakuwa nyembamba. Mvua ikinyesha siku hiyo, udongo unashuka. Sasa sema: kosa ni la mvua, la bei, au la kapita?

Wataalamu wameifanya hiyo kuwa elimu kamili: elimu ya mambo yaliyofungamana. Si elimu ya wakubwa wa ofisini peke yao. Inakuhusu wewe unayeshika koleo, na zaidi wewe unayeongoza wenzako.

Rubaya, Masisi

Koltani ya Rubaya inajulikana dunia nzima. Inakadiriwa kwamba sehemu kama 15 kwa mia ya tantali ya ulimwengu imetoka kwenye vilima hivyo, nayo imechimbwa kwa mikono. Mwishoni mwa Januari 2026 udongo ulishuka huko kwa ghafula. Waliokuwa wakishika eneo hilo walitangaza kwamba watu zaidi ya 200 walikufa. Hawakuwa wachimbaji peke yao: walikuwamo watoto, na akina mama waliokuwa wakiuza vitu.

Fikiri juu ya hao akina mama. Hawakuingia shimoni. Walifuata wateja wao, na wateja walifuata koltani. Ndiyo maana kiongozi anayehesabu wachimbaji wake tu hajahesabu watu walio katika hatari.

Amri moja, matokeo mengi

Katika Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alikataza uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Nia ilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha. Katazo liliondolewa Machi 2011. Katika miezi hiyo, Walikale iliona nini? Ndege zilizokuwa zikibeba kasiterite kwenda Goma zilikuwa zikirudi na bidhaa. Madini yaliposimama, ndege zilipungua, na bidhaa zikaadimika na kupanda bei. Wazazi wengi walikosa karo ya shule. Na sehemu nyingine madini yaliendelea kutoka kwa siri, mahali pasipo mkaguzi wala sheria ya usalama.

Hatusemi kwamba amri ni mbaya. Tunasema: ukivuta kamba moja ya wavu, wavu wote unasogea. Anayetaka kubadilisha kazi aanze na badiliko dogo, mahali pamoja, aangalie kinachotokea, ndipo aendelee au arudi nyuma.

Kesho si moja

Hakuna mtu anayejua kesho. Lakini unaweza kujiandaa kwa kesho zaidi ya moja. Katika miaka ya 1980 kampuni kubwa ya migodi ya Afrika Kusini, Anglo American, iliweka watu wake kufikiri hivyo. Mmoja wao, Clem Sunter, alizunguka nchi akieleza kwamba mbele ya nchi yake kuna njia mbili: njia ya juu, ya kusikilizana, na njia ya chini, ya kugombana. Hakutabiri. Aliwaambia watu wazitazame njia zote mbili kabla ya kuchagua.

Kwetu mfano uko karibu. Tarehe 13 Machi 2025 mgodi wa bati wa Bisie, Walikale, ulisimamisha kazi kwa sababu vita vilikuwa vinakaribia. Wafanyakazi waliondolewa, wakabaki wachache wa kutunza mali. Mwezi uliofuata kazi ilianza kurudi, hatua kwa hatua. Jifunze neno hilo: hatua kwa hatua. Mgodi wo wote uliolala si ule ulioacha. Maji yamejaa, mawe ya juu yamelegea, hewa imechafuka. Mwenye haraka ya kurudi ndiye anayezikwa.

Fanya hivi

1. Kila asubuhi, kabla ya kuingia, ongea na kundi lako juu ya kesho tatu: kazi ikienda vema, mvua kubwa ikinyesha, na njia ikifungwa au tukilazimika kukimbia. Kwa kila moja uliza: nani anafanya nini? Tunatokea wapi?

2. Chagueni alama za onyo, mzijue wote: ufa mpya juu ya ukuta, maji yanayobadilika rangi, mti unaoinama, vumbi linaloanguka bila kuguswa.

3. Anayeona alama ana haki ya kusema «Simama!», hata akiwa mgeni wa siku moja. Kapita asimkaripie. Ikiwa alikosea, mmepoteza nusu saa. Ukimkaripia leo, kesho atanyamaza.

4. Andikeni hata ajali iliyokosa kutokea. Jiwe lililoanguka bila kumpiga mtu ni mwalimu asiyedai mshahara.

5. Ongea na jirani. Shimo lako linaweza kuwa zuri, na la PDG mwenzako likawa linakula ukuta wako kwa chini.

6. Ajali ikitokea, usiulize «Nani?» tu. Uliza «Kwa nini?», kisha «Kwa nini?» tena, mpaka ufike kwenye jambo mnaloweza kubadilisha.

Ndugu kapita, uongozi si kujua kila kitu. Mlima ni mkubwa kuliko kichwa cha mtu mmoja. Lakini kundi lenye macho ishirini, na ruhusa ya kusema, linaona zaidi ya mkubwa mwenye macho mawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na shimoni, wakati mwingine hakuna anayebaki wa kujenga.

KUMBUKA: MADINI YATANGOJA. MTOTO WAKO ANAKUNGOJA JIONI.