Treni yako ya modeli imegoma? Anza na reli
Umetandaza reli sebuleni, uwe Kangemi au Lavington, umewasha kidhibiti, lakini injini kimya. Kabla hujaamua dikoda imeungua na kuagiza nyingine ng'ambo, tulia kwanza.

Katika mfumo wa DCC, umeme na amri hupita kwenye reli zilezile mbili. Dikoda, kile kikadi kilicho ndani ya injini, husubiri amri yenye nambari yake. Uchafu kidogo hukata ujumbe: injini husitasita, taa hupepesa.

Kwa hivyo, pangusa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa usiguse, huacha mikwaruzo inayoshika uchafu. Kisha jaribu nambari 3, ambayo dikoda mpya nyingi huja nayo. Kidhibiti kikijizima, kuna shoti: ondoa injini zote, rudisha moja moja hadi umpate mkorofi.

Bado? Kwenye reli ya kuprogramu, andika 8 katika CV8. Dikoda nyingi hurejea mipangilio ya kiwandani, na nambari huwa 3 tena.

Mita ya kupimia umeme utaipata Luthuli Avenue, katikati ya jiji. Dikoda ya kuagiza utaingoja, na mfuko utaumia.